Ukishuka Syokimau, Bado Hujafika Mjini

Kila siku treni ya Madaraka Express inapoingia kutoka Mombasa, hapa Syokimau huwa kuna kichekesho kidogo ambacho sisi wenyeji tumeshakizoea. Abiria mgeni anashuka na begi lake, mfuko wa mabuyu mkononi, anainua macho na kusoma maandishi makubwa kwenye jengo: Nairobi Terminus. Anashusha pumzi. Amekalia kiti kwa saa tano na zaidi, ameziacha kilomita karibu 470 nyuma yake, na sasa amefika. Anatoka nje akiyatafuta maghorofa. Hayapo. Kuna madereva wa teksi wanaogombania mizigo, kuna upepo wenye vumbi, kuna ndege inayoshuka kuelekea JKIA, chini kiasi cha kuonekana magurudumu. "Mjini ni wapi?" anauliza. Anaambiwa apande treni nyingine, ile ndogo ya kuingia mjini, au apambane na magari ya Mombasa Road. Tiketi aliyonayo imemaliza kazi yake.

Nilikikumbuka kichekesho hicho Jumamosi iliyopita, nikiwa nimekalia tairi kuukuu kando ya uwanja wetu wa kikapu. Nikisema uwanja usifikirie makubwa. Ni sakafu ya saruji katikati ya fleti, mistari yake ilichorwa kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka lango, na ni upande mmoja tu wenye pete. Pete yenyewe ni nondo iliyokunjwa na fundi wa jua kali na kuchomelewa kwenye bomba nene la maji. Wavu tulionao ni kamba ya katani iliyosukwa na mlinzi wetu wakati wa zamu ya usiku. Mpira ukipita pale huusikii ule mchapo mtamu wa kwenye televisheni. Unasikia kama mtu anapangusa miguu kwenye mkeka.

Kuna kijana ambaye kwa miaka mitatu amekuwa wa kwanza kufika pale kila asubuhi. Siku hiyo alikuja saa nne, amevaa ndala, mikono mifukoni.

"Leo huchezi?"

"Anko, mimi haya maneno ya ball nimeachana nayo."

Alikuwa amekwenda kwenye majaribio ya timu moja ya mjini. Vijana walijaa, wakakimbizwa siku mbili, mwishowe kocha akasoma majina kumi na mawili. Lake halikuwemo. Akarudi nyumbani, akampa mdogo wake mpira, na mdogo wake, ambaye moyo wake wote uko kwenye kandanda, tangu siku hiyo anaupiga mateke ukutani.

Sikumlaumu kocha. Kocha ana jezi kumi na mbili, hawezi kuwavisha watu arobaini. Kilichonichoma ni lile neno, nimeachana, jinsi lilivyotoka jepesi kinywani mwa mtu niliyemwona akitupa mpira kwenye mvua ya Aprili hadi saruji ikawa inateleza kama sabuni. Basi naandika haya kwa ajili yake. Na kwa binti wa upande wa Katani anayesubiri wavulana waondoke ndipo apate pete, na kwa yule wa Mlolongo anayedunda mpira kati ya malori yaliyoegeshwa. Yeyote aliyesomewa orodha na asisikie jina lake, asogee hapa.

Nianze na mtu aliyesomewa orodha akasikia jina lake mapema kuliko karibu wote. Tarehe 25 Juni 2009, huko New York, timu za NBA zilikuwa zinachagua wachezaji wapya. Wa kwanza kutajwa alikuwa Blake Griffin. Wa pili, kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Wa pili kati ya vijana wote duniani waliokuwa wakisubiri! James Harden alikuwa bado kakaa, akaja kuwa wa tatu. Na Stephen Curry, ambaye hapa Syokimau mtoto akitupa mpira kutoka karibu na pipa la taka lazima alipaze jina lake, alisubiri hadi nafasi ya saba.

Thabeet hakuokota bahati. Alikuwa na mita 2.21 za urefu, sawa, lakini urefu ungeweza kumwacha Dar akibadilishia watu balbu. Alianza mchezo huu kwa kuchelewa, tayari akiwa kijana, baba yake alifariki yeye hajamaliza kukua, akavuka bahari kwenda kusoma sekondari Marekani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Pale chuoni mtu akiingia chini ya pete yake alijuta. Mara mbili, 2008 na 2009, ligi ya Big East ilimtangaza mlinzi wake bora. Memphis Grizzlies walimchukua macho yakiwa wazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa treni yake kubwa, na ilimshusha kwenye jengo lenye maandishi makubwa. Halafu akatoka nje akatafuta maghorofa.

Mechi hazikumpa nafasi. Februari 2010, hata mwaka haujatimia tangu usiku ule wa New York, Memphis wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini, kwenye baridi ya Dakota Kaskazini. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kuteremshwa huko kabla yake. Fikiria mtoto wa Dar, suti ya usiku wa uteuzi bado iko kabatini, anafungasha virago kwenda mahali ambapo mate yanaganda. Baadaye akahamishiwa Houston, akapita Portland, akakaa misimu miwili Oklahoma City. Jumla alicheza mechi 224 za NBA. Milango ya ligi ile ilipofungwa, akaenda kucheza Japani, akaenda Taiwan.

Najua vijiweni wanavyomsema. "Yule wa namba mbili aliyefeli." Mimi namheshimu, na nitakwambia kwa nini. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA ni yeye. Na siku alipoambiwa kwamba jengo lile kubwa halikuwa mjini, hakukaa kwenye benchi la stesheni akilia. Alitafuta treni nyingine, na nyingine tena, hadi akaufikisha mpira wake visiwa vya mbali vya Asia. Wanaomcheka wengi wao hawajawahi kupanda hata ile ya Imara Daima.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, mahali ambapo huenda hujawahi kupafikiria unapofikiria kikapu. Kuna mji unaitwa Cherkasy, Ukraine, kando ya mto Dnipro. Alizaliwa kijana huko mwaka 1997, anaitwa Svi Mykhailiuk. Akiwa na miaka 17 tu aliondoka kwao akaenda Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, kitoto kabisa katikati ya wanaume. Mwaka wa kwanza alicheza kidogo. Angeweza kusema maneno yale yale uliyoniambia Jumamosi, kwa Kiukreni. Alikaa miaka minne, akitupa. Mwaka wa mwisho akaweka rekodi ya chuo kile ya mitupo ya pointi tatu katika msimu mmoja: 115.

Usiku wake wa uteuzi ulikuwa 2018. Akatajwa wa 47. Elewa maana yake: orodha ile ina majina sitini, na ukifika namba hiyo watu wengi ukumbini wameshaanza kutafuta funguo za gari. Walioita jina lake ni Los Angeles Lakers, na kabla msimu wa kwanza haujaisha walishamwuza Detroit. Kutoka Detroit akaenda Oklahoma City. Kutoka Oklahoma akaenda Toronto, kisha New York, kisha Charlotte. Kila mahali mlango mpya wa kubadilishia nguo, kocha mpya, mashabiki wasiojua kulitamka jina lake. Februari 2022 nchi yake ikavamiwa na Urusi. Yeye na Mukreni mwenzake wa NBA, Alex Len, wakatoa tamko la kulaani vita, kisha wakarudi uwanjani maana mechi haisubiri. Mwaka huo huo wote wawili wakaivalia Ukraine jezi kwenye mashindano ya Ulaya.

Juni 2024, Boston Celtics walipotwaa ubingwa wa NBA, yule wa 47 alikuwemo kwenye kikosi. Sitakudanganya kwamba yeye ndiye aliyewabeba. Dakika zake zilikuwa chache, za mwisho mwisho, ubao ukiwa tayari umeshasema nani mshindi. Lakini pete ya ubingwa anayo kidoleni, na kuna wachezaji wakubwa waliotajwa mbele yake usiku ule wa 2018 ambao pete hiyo wanaiona kwenye picha.

Wakalishe pamoja hao wawili, wa pili na wa 47, uniambie namba ile ya orodha ilikuwa inawatabiria nini.

(Nikiwa hapo hapo: aliyekuwa rais wa klabu ya Toronto Raptors Mykhailiuk alipovaa jezi yao ni Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya. Kwa hiyo unapodhani dunia ile iko mbali na wewe, jua kuna watu wenye damu ya huku wanaoshika kalamu ya kusaini mikataba. Ujiri mwenyewe alicheza Ulaya bila kung'ara, akaanza kazi ya kusaka vipaji akijilipia mwenyewe. Raptors wakachukua ubingwa 2019 yeye akiwa kiongozi wao.)

Lakini wewe utaniambia, Anko, hao ni wa NBA, mimi niko Syokimau na viatu vya Gikomba. Haya. Nilikuwa namweka huyu wa mwisho makusudi.

Tylor Okari Ongwae hajacheza NBA. Hakuna usiku New York uliowahi kulitaja jina lake. Ni Mkenya, mwenzetu, aliyetoka hapa akaenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Louisiana-Monroe. Si Duke wala Kansas. Ni chuo ambacho mashabiki wengi wa kikapu hawawezi kukionyesha kwenye ramani. Alipomaliza akatafuta kazi Ulaya, akaipata Denmark, katika klabu ya Bakken Bears ya Aarhus. Denmark! Nchi inayojulikana kwa maziwa na upepo wa bahari baridi. Ukiwa mchezaji Mkenya unayeishi Aarhus, hakuna anayekuonyesha kwenye runinga za kwetu saa tatu usiku. Unaamka, unakwenda mazoezini gizani, unarudi gizani, unalipwa mwisho wa mwezi kama fundi mwingine yeyote. Miaka inapita hivyo. Nyumbani watu wanauliza, hivi yule kijana aliishia wapi?

Timu ya taifa ikimhitaji alikuja. Mwaka 2019 Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, walikwenda Bamako kwenye AfroCan wakarudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na DR Kongo kwenye fainali. Wengi wetu hata hatukuijua habari hiyo hadi wamesharudi.

Kisha ikaja Februari 2021, Yaoundé, Cameroon. Korona imefunga dunia. Kenya inatafuta tiketi ya AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika ambayo mara ya mwisho tulicheza mwaka 1993, tena kwa sababu tulikuwa wenyeji. Mwaka ule, Nairobi, tulimaliza wa nne, na waliobeba kombe mbele ya macho yetu walikuwa Angola. Baada ya hapo kimya, miaka 28. Wapo baba zenu waliooa, wakajenga Syokimau, wakabomolewa, wakajenga tena, na Kenya bado haijarudi AfroBasket.

Na mpinzani wa siku ile Yaoundé ni nani? Angola wale wale. Mabingwa wa Afrika mara kumi na moja wakati huo. Kwenye benchi letu kocha mkuu ni Liz Mills, mwanamke kutoka Australia, ambaye watu walikuwa bado wanamtazama kama wanaotazama gari lenye usukani upande mwingine.

Sekunde za mwisho zinayoyoma. Angola wako mbele. Mpira uko kwa nani? Kwa Ongwae.

Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko nilivyotazama video ya harusi yangu, mke wangu asinisikie. Kinachonivutia si ule mtupo. Ni mabega yake kabla ya mtupo. Hayana haraka. Mlinzi wa Angola yuko mbele yake, saa inakimbia, wenzake wamesimama midomo wazi, na yeye anatembea na mpira kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua fika uko mfuko gani. Anaruka. King'ora. Mpira unaingia. 74 kwa 73.

Wenzake walimrukia hadi asionekane. Kenya ikawa imewapiga Angola, na tiketi ya AfroBasket ikaja nyumbani. Agosti mwaka huo, Kigali, Liz Mills akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika mashindano hayo. Binti wa Katani, hapo usiruke mstari, rudi usome tena.

Sasa nikuulize wewe mwenye ndala. Yale mabega yalitoka wapi? Hayakutengenezwa Yaoundé. Mtu hawezi kuunda utulivu ndani ya sekunde tatu. Yaliundwa Aarhus, asubuhi zile za giza ambazo hukumwona. Yaliundwa Louisiana. Yaliundwa kwenye mechi zisizo na kamera ambamo alikosa mtupo kama ule ule na hakuna aliyeandika. Siku mpira ulipomfikia alikuwa ameshautupa mara elfu nyingi, hivyo wa Yaoundé ulikuwa mmoja zaidi.

Na hakuishia hapo kama sinema inavyoishia. Alirudi akavaa jezi ya Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kucheza BAL, ligi ya vilabu bingwa vya Afrika, msimu wa 2025. Mtu aliyekuwa tayari amevuka miaka 33! Umri huo hapa mtaani watu wanaanza kucheza "veterani" na kulalamikia goti.

Ongwae alipanda treni ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, ndiyo maana alifika mjini.

Nitoe siri moja ya uwanja wetu, maana naona bado unanung'unika kwamba hukupewa haki kwenye majaribio. Mwaka jana nilipata wasiwasi. Nilikuwa naona vijana wa urefu wa kawaida, wengine hawajafika hata bega langu, wanaruka na kuishika pete. Wanapiga picha. Wanaweka kwenye simu. Nikaazima futi ya fundi, nikapanda ngazi ya mlinzi, nikapima. Pete ya kikapu, iwe Boston, iwe Cherkasy, iwe Yaoundé, iko mita 3.05 kutoka chini. Yetu ilikuwa 2.93.

Sentimita kumi na mbili. Si kitu kikubwa, ni urefu wa kalamu. Lakini kwa miaka yote ile mikono yenu ilikuwa inajifunza umbali usiokuwepo kokote duniani isipokuwa hapa, kati ya tangi la maji na ukuta wa parking. Mnatupa vizuri hapa, mkifika mjini mpira unagonga ukingo wa mbele. Mnadhani kocha ana chuki, au mpira wao una upepo mwingi.

Nikamwita fundi. Akakata, akaongeza kipande cha bomba, akachomelea, nikasimama na futi hadi ikasoma 3.05. Kwa wiki nzima sikusalimiwa. "Anko umetuharibia uwanja." Waliozoea kuishika pete hawakuishika tena. Wawili waliacha kuja kabisa. Wewe hukuacha. Nakumbuka wewe ulikosa mitupo ishirini na moja mfululizo asubuhi ya kwanza, nilihesabu kutoka dirishani nikinywa chai, kisha wa ishirini na mbili ukapita katikati ya kamba ya katani bila kugusa chuma. Ulitazama pande zote kuona kama kuna mtu ameona. Nilijificha nyuma ya pazia ili uamini hakuna.

Majaribio uliyokwenda yalikuja miezi michache tu baada ya pete kupanda. Mikono yako bado inahesabu umbali mpya. Unaacha sasa, wakati ndiyo kwanza imeanza kuzoea?

Haya, tuongee kazi. Mitupo mia mbili kila asubuhi, siku sita, ni 1,200 kwa wiki. Wiki hamsini ni 60,000. Iandike kwenye daftari, iliyoingia na iliyokosa, maana kumbukumbu ya mchezaji ni mwongo mkubwa. Daima inakumbuka iliyoingia. Mkono wa kushoto ambao unauonea aibu uupe theluthi. Ukichoka miguu, simama kwenye mstari wa mtupo huru, pumua, tupa ukiwa hivyo hivyo umechoka, kwa sababu kwenye robo ya nne hakuna atakayekungoja upumzike.

Shule usiitupe. Hawa wote niliokutajia, Thabeet, Mykhailiuk, Ongwae, walipitia chuo kikuu. Kocha wa Marekani akikupenda, swali lake la pili baada ya urefu wako ni matokeo yako. Cheti cha KCSE ni kifaa cha kikapu kama viatu. Nimeona kijana mwenye mikono ya dhahabu akiachwa kwa sababu ya alama za hesabu, na kijana wa kawaida akichukuliwa kwa sababu alikuwa na karatasi mkononi. Uchungu wake sitaki uuonje.

Jumamosi na Jumapili panda matatu, shuka Nyayo, ingia ule ukumbi wa ndani wakati ligi ya taifa ikichezwa. Usiende kushangilia. Chagua mchezaji mmoja wa nafasi yako, umtazame hata asipokuwa na mpira. Anasimama wapi? Anamwambia nini mwenzake? Akitolewa nje anakaa vipi, anafunika uso kwa taulo au anasogea karibu na kocha? Hayo ya benchi ndiyo Mykhailiuk aliyoyajua kuliko wengi, na yakamlipa.

Na kama baada ya yote hayo majina kumi na mawili yakasomwa tena bila lako, yatasomwa pengine. Ligi ya daraja la pili. Timu ya chuo. Ukufunzi wa watoto, urefa, mezani kwa wanaohesabu takwimu. Kikapu kina milango mingi ya pembeni. Wewe unajua mmoja tu kwa sababu ndio unaoonyeshwa kwenye simu.

Eneo letu hili limepewa jina la mwanamke, nabii wa Wakamba, anayesimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akipita nchi hii kabla reli haijawekwa hata msumari. Watu wa siku zake nadhani walimcheka. Napenda kufikiri kwamba naye aliamka kesho yake akaenda kuchota maji kama kawaida, akaendelea na kazi.

Mdogo wako nimeshazungumza naye. Nimemnunulia mpira wa kandanda, wa bei, wenye rangi za timu anayoipenda, na kwa mabadilishano hayo amenikabidhi wako. Uko hapa kwangu nyuma ya mlango. Umekwaruzika upande mmoja na umepungua upepo, lakini pampu ninayo na sindano yake nimeipata dukani jana. Kesho saa kumi na mbili kasoro robo nitakuwa pale kwenye tairi. Vaa viatu.